Tiketi ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Garimoshi la asubuhi limejaa tena. Kabla ya stesheni ya Nakawa nilikuwa nimemaliza mabehewa matatu. Afande mmoja alidai gwanda lake ndiyo tiketi. Amelipa, na faini juu. Bado niko kwenye majaribio ya kazi ya ukaguzi wa tiketi lakini sijashindwa na abiria hata mmoja. Sare imenikaa vizuri. Nasema mwenyewe maana mume wangu hasemi.

Behewa la nne, baba mkwe. Kapandia Kireka, anakwenda dukani kwake mjini. Kwetu Bungoma mke wa mtu hamsogelei baba mkwe. Hamtazami usoni, hapokei kitu mkononi mwake. Nikageuka. Sikumkagua.

Jumanne, 4 Machi

Yupo tena, na marafiki wawili. Nilimsikia akiwaambia watulie, hili ni gari la mkwe wake. Nikageuka tena.

Nikamkamata mama muuza ndizi hana tiketi. Alilipa, ila alipaza sauti: "Na ule mzee pale mbona hapana uliza? Mkwe yako? Basi na mimi natafuta mkwe!" Watu wakacheka. Masikio yaliniwaka. Msimamizi alishanionya: akipatikana mtu anapanda bure kwa jina langu, navua sare.

Sitaivua.

Jumatano, 5 Machi

Nimemkagua.

Nilimpa ubavu, nikasema na msichana aliyeketi jirani yake: "Dada, mwambie mzee, mkaguzi anaomba tiketi." Baba mkwe naye akamjibu msichana: "Mwambie huyo mkaguzi, mimi ndiye niliyemtolea ng'ombe wa mahari."

"Mwambie mzee ng'ombe walifika kwetu salama. Stesheni hawakufika."

Kicheko! Hata yule afande wa juzi. Baba mkwe alilipa nauli na faini, na wenzake wakalipa. Fedha ilipita kwa msichana, risiti ikarudi kwa msichana. Najivunia. Naogopa pia, lakini najivunia zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Mume wangu hanisemeshi. Baba yake kampigia simu, eti nimemvua nguo mbele ya watu. Jumapili kikao, kwake Kireka. Nimelia kidogo jikoni. Kisha nimepiga pasi sare.

Jumapili, 9 Machi

Wazee sebuleni, mimi mlangoni. Shangazi wa mume wangu ndiye aliyenifikishia maneno: niombe radhi, niache kazi. La sivyo baba mkwe hatakanyaga tena nyumbani kwetu Kyebando, na mimi nisikanyage kwake.

Nimeomba radhi kwa kicheko cha watu, maana hicho kilimuumiza mzee mbele ya rafiki zake. Kwa tiketi sikuomba. Shangazi aliniangalia kama nimetukana.

Mume wangu akasimama. Nilidhani ndiyo basi, narudishwa Bungoma. Akasema mke wake haachi kazi. Hivyo tu, akakaa. Siku zote hizi nilimwona kama hana maneno! Baba mkwe alivaa kofia akatoka, chai yake imebaki kikombeni.

Tumerudi nyumbani. Nilitembea kichwa juu, lakini moyo ulikuwa mzito. Mzee yule nampenda. Alinipokea vizuri nilipoolewa.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Gari limejaa, watu wamesimama mpaka mlangoni.

Behewa la nne. Baba mkwe dirishani, peke yake, uso kaupeleka nje. Kiti cha pembeni yake kitupu. Kila anayetaka kukaa anamwambia kina mwenyewe. Tiketi kaiweka juu ya kiti hicho, mbali na mkono wake.

Nimeinama, nimeiokota, nimeitoboa. Halali. Chini yake kulikuwa na nyingine, ya leo pia, Kireka hadi mjini. Amekilipia na kile kiti, nisimsogelee.

Nimeitoboa nayo, nikazirudisha pale pale. Hakugeuka. Nikaenda safu inayofuata.