Theluji Juu ya Meko

Babati, Alhamisi jioni, Februari 1984. Baridi, tena baridi ya ajabu kwa mwezi huu.

Leo nimeshinda kama mtu anayesinzia macho wazi. Tangu asubuhi upepo unatoka upande wa Bonga, na Mlima Kwaraa umejifunika wingu mpaka kiunoni. Naandika haraka kabla giza halijaingia, maana mafuta ya taa siku hizi tunayasikia kwa jina tu.

Darasani nilifundisha jinsi hewa ya baridi inavyoleta mvua. Ni nzito, inatambaa chini chini na kuisukuma ile ya joto ipande mlima. Huko juu inapoa, mvuke unakuwa matone, mvua inamwagika. Mlima ukiwa mrefu sana, kama Kilimanjaro, matone yanaganda na inashuka theluji. Hapo nikanyamaza. Niliiona ikishuka polepole, nyeupe, bila sauti, mimi ambaye sijawahi kuiona maishani. Watoto wakacheka, wakasema mwalimu amesafiri.

Nyumbani ndoto ikakatika.

Unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, umeisha dukani. Mama mkwe alikuwa ameshashusha mahindi ya mbegu, yale tunayoyaning'iniza juu ya meko ili moshi uyakinge na wadudu. Alitaka kuyapukuchua yote apike makande. Alisema watoto walilala na uji mwepesi jana, na mvua yenyewe imeshatukimbia. Nilimwelewa, roho ikaniuma. Lakini tukiyala haya, kule shambani Singe tutapanda nini?

Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza habari za upepo kama nilivyowaeleza watoto, mpaka kule juu kwenye theluji. Alinisikiliza, gunzi mkononi. Kiswahili amekijulia ukubwani.

"Kumbe hata mlima unachukua theluthi," akasema. "Mbili unatuachia."

Nikafungua mdomo nimsahihishe.

Nikaufunga.

Alikuwa ameshaanza kugawa. Fungu moja akaliweka la kupika, mawili akayafunga tena na kuyarudisha kwenye moshi.

Makande yalikuwa kidogo, lakini matamu jamani. Watoto wamelamba mpaka mwiko. Na sasa, ninapoandika, bati limeanza kugonga. Tone, kimya, tone tena, halafu mengi. Mama mkwe amesimama mlangoni, kiganja amekitoa nje.

"Mama Neema, mlima umeshachukua theluthi yake?"

"Umeshachukua, mama."

"Basi hii ni yetu," amesema, na kuniuliza jembe liko wapi.

Alfajiri tunakwenda Singe.