Sauti ya Baba Kwenye Kompyuta Tisa

Francistown, Jumapili

Kaka Oteng,

Mbuzi wamezaa, mvua bado. Ile kanda aliyojirekodi marehemu Baba niliiingiza kwenye kompyuta, nikaikata vipande, nikazigawia kompyuta tisa za chuo zisafishe sauti. Ikatoka vurugu tupu. Mama akauliza, "Huyo ni baba yenu au kuku anayetaga?"

Nilihangaika siku nne. Kumbe kipande kilichowahi kusafishwa ndicho kilichotangulia kusikika! Nikavipa vyote namba kwa mfuatano wake, nikaicheza kanda upya.

Kaka, tulisikia hata pumzi zake. Mtu tuliyemzika alikuwa anapumua kando yetu. Akasema, "Oteng, nilikufukuza kwa hasira. Rudi nyumbani, mwanangu."

Mama alisimama, akajitanda shali, akamjibu, "Nimesikia, Baba Oteng. Nitamwambia."

Ndiyo maana nakuandikia kwa niaba yake.

Mdogo wako,
Gaone