Ndege Uliyomtumia Baba

Kaka yangu mpendwa,

Kabla ya yote pokea salamu zangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kile kikohozi ulichokilalamikia mara ya mwisho kimekuacha. Mimi sijambo. Mikono tu ndiyo imeota sugu mpya, maana siku hizi nimekabidhiwa tanuri kubwa pale kiwanda cha mikate, na tanuri lile halina adabu hata kidogo. Jirani yetu kinyozi anakuulizia kila nikipita. Anasema kichwa chako ndicho alichojifunzia kazi, na angependa kuona kama kovu limefunikwa.

Kwa kawaida hapa ndipo ninapoandika kwamba baba na mama hawajambo na wanakusalimu sana. Leo nitachelewa kufika hapo, uniwie radhi, kwa sababu kwanza nataka kukusimulia habari za ile ndege.

Boksi lilifika salama. Baba alilipokea mwenyewe mlangoni, akaliweka juu ya meza ya sebuleni, akalizunguka kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. Juu yake kulikuwa na picha ya ndege ya kivita ya zamani, ya propela moja, pua yake imechorwa meno kama samaki mkali. Ulikuwa umeandika jina langu, na ndani ukaweka kikaratasi, "Mpe baba, asikae bure." Nikampa. Nilidhani atasema hana umri wa kuchezea midoli, lakini alivaa miwani, akavuta kiti, akafungua.

Kaka, kumbe ulituma kuni. Mamia ya vijiti na vipande vya mti mwepesi ambao ukiupumulia unahama, na chini yake mota ndogo na rimoti ya kuirushia. Baba unamjua, maisha yake yote ametengeneza milango, na mlango ukikataa kuingia alikuwa anausukuma kwa bega. Alishika ubavu wa kwanza wa bawa, ukavunjika. Akashika wa pili, nao ukavunjika. Akakaa akiitazama mikono yake kwa muda, kisha akanigeukia mimi akasema nimwambie mama yangu, kama bado ana kile kibano chake cha hospitali, amwazime.

Mama alikuwa ameketi hatua mbili kutoka pale, anachambua mchele.

Hapo sina budi kukueleza jambo ambalo nimekuficha tangu ulipoondoka. Barua zangu zote zimesema nyumbani ni salama, na ni kweli hakuna aliyepigana wala kutukanana. Ila baba na mama hawasemeshani. Asubuhi ile baba aliamka akakuta kitanda chako kitupu, na mama ametulia tuli jikoni. Alimuuliza mara moja tu kama alijua. Mama akasema ndiyo, alijua, na yeye ndiye aliyekufungia mzigo. Basi, ikawa mwisho. Kuanzia hapo maneno yao yote yamepitia kwangu. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie mama yako nimeshiba. Wanakula meza moja, chumvi ikipita mkono kwa mkono, na mimi katikati natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Wewe ndiye uliyeniita Kasuku nilipokuwa mdogo kwa sababu nilirudia kila nilichosikia, hukujua kwamba unanipa ajira ya kudumu.

Mwaka jana kiwanda kilitaka kunihamishia mji mwingine nikasimamie tawi jipya. Nilikataa. Mkuu wetu alifikiri naogopa kazi, nami nikamwacha afikiri hivyo, kwa sababu ningeanzaje kumweleza? Nikiondoka, nani atamwambia mama kwamba baba ameshiba? Unaweza kucheka, hata mimi nilicheka siku ile njiani, halafu nikafika nyumbani nikalia hadi macho yakavimba.

Sasa turudi mezani. Mama alileta kibano, na pamoja nacho ule mkasi wake mdogo, akaketi ng'ambo ya meza mkabala na baba. Unajua alipokuwa muuguzi alivyokuwa sifa ya chumba cha upasuaji, daktari hakumaliza kutaja kifaa kabla hakijatua mkononi mwake. Baba akapaka supaglu, akashikanisha vipande viwili, akaniambia nimwambie mama abane pale chini. Nilipofungua tu mdomo, gundi ilikuwa imeshakauka, ubavu umeganda upande, na kidole cha baba kimeganda pamoja nao. Ile gundi haina muda wa kusubiri mjumbe. Mama alikibandua kidole kwa maji ya moto, taratibu, bila kumuumiza, na bila neno.

Kipande kilichofuata, baba alisema, "Bana hapo."

Aliyekuwa anaambiwa ni mama. Mama akabana. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini kwa uangalifu kama vile nacho kilikuwa cha mti mwepesi.

Mwanzoni yalikuwa maneno ya kazi tu, shika, achia, lete msasa, punguza kidogo. Kisha yakaongezeka. Walipofika kwenye ile nailoni ya kufunika mabawa, ambayo inabandikwa kwa pasi ya moto, baba aliichoma mara moja, mama akamnyang'anya pasi akamwambia aende akapige msumari mahali. Nilirudi kazini siku moja nikawakuta wanabishana juu ya meno ya puani. Mama alisema yamekaa ovyo, yanahitaji daktari wa meno kabla ya rangi. Baba alicheka. Nilisimama kizingitini na viatu mkononi, sikutaka kuingia nikaharibu. Na nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu: nilifurahi, na wakati huohuo niliona wivu. Miaka yote nimekuwa daraja lao, na sasa wanavuka bila hata kunikanyaga.

Ndege ilipokamilika tuliipeleka uwanja wa shule, siku wanafunzi hawapo. Kinyozi alifunga duka akaja na kiti chake cha kukunja. Baba alikuwa amevaa shati la kutokea. Mama aliishika ndege kwa mikono miwili, baba akaijaribu kwa rimoti, vile vibao vidogo vya nyuma ya mabawa vinavyoipinda vikapanda na kushuka, na niliona mama anavitazama sana, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Sikuelewa. Baba akasema tayari, mama akairusha.

Ilipaa, kaka. Natamani ungeiona. Ilinguruma, ikapita juu ya milingoti ya goli na meno yake yale, na baba akawa anatabasamu na mdomo wazi kama mtoto. Ilipofika mbali akaipinda kulia ili irudi. Ikaenda kushoto. Akasukuma zaidi kulia, nayo ikazidi kushoto, ikalala ubavu, ikapinduka, ikaanguka nyuma ya goli. Kinyozi alisema hata yeye hajawahi kukata vibaya namna ile, akaona hakuna anayecheka, akakunja kiti chake akaenda kusimama kivulini.

Tulitembea watatu hadi ilipoanguka. Propela imevunjika, bawa moja limepasuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Baba alichuchumaa akakusanya vipande. Mama alisimama pembeni, mikono ameikunja, na uso wake ulikuwa ule ule wa asubuhi uliyoondoka. Mimi niliujua uso ule. Halafu baba akaniangalia, akaniambia, "Mwambie mama yako kwamba mimi ndiye niliyegeuza swichi."

Nilimjibu kwamba kazi hiyo nimeiacha. Nilimwambia mama yuko hapo, amwambie mwenyewe. Sijawahi kumjibu baba vile maishani mwangu.

Akainuka, akamgeukia mama, akamweleza. Jana yake, mama alipokwenda jikoni, yeye baba alikuwa ameketi mezani na pua ya ndege ikimwelekea yeye. Akasukuma rimoti kulia, akaona kibao kilicho upande wa mkono wake wa kulia kinashuka, wakati maelekezo yanasema cha kulia kipande. Akaona mama, aliyevifunga vibao hivyo, amekosea. Kwenye rimoti kuna swichi ndogo ya kugeuza mwelekeo, akaigeuza. Hakusema kitu, kwa sababu hakutaka kumkosoa wakati wameshaanza kuelewana.

Mama akamuuliza, kulia kwa nani? Akamwambia hospitalini kulia ni kwa mgonjwa siku zote, hata akilala kifudifudi, la sivyo ungekatwa mguu ulio mzima. Kulia kwa ndege ni kwa ndege, na yeye alifunga hivyo, na alifunga sawasawa. Baba akasema kwa fundi milango kulia ni kwa yule anayesimama mbele ya mlango. Wakatazamana. Kisha mama akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye naye aliona. Alipoishika ndege aliona vibao vinakwenda kinyume, akanyamaza, akafikiri pengine baba anajua anachofanya.

Baba akamuuliza kwa nini alinyamaza. Mama akasema ameshazoea. Halafu akasema, na hapa nakuandikia maneno yake kama yalivyo, "Kijana aliniomba nisikuambie. Nilimwahidi. Ningefanyaje?"

Baba hakuwa analijua hilo, kaka. Aliuliza swali moja asubuhi ile, hakuuliza la pili, na mama hakujitetea ili asikuweke wewe matatani. Baba alishika lile bawa lililopasuka akaligeuza geuza, akasema kuondoka kwako hakukumuumiza kama kukuta kwamba nyumba nzima inajua isipokuwa yeye. Akasema angeambiwa, asingekuzuia. Angekutengenezea sanduku zuri la safari. Akalia pale uwanjani, mbele yangu na ya kinyozi, na mama akamfuta uso kwa ncha ya kanga yake huku akimkaripia asidondoshee machozi kwenye mota.

Sasa wanaitengeneza upya. Ila wamehamisha viti. Zamani walikaa mkabala, siku hizi wameketi upande mmoja wa meza, bega kwa bega, ndege mbele yao imewapa mkia, ili kulia kwa mmoja kuwe kulia kwa wote. Wanagombana kutwa. Juzi nilimsikia mama akimwambia kwamba amebana vibaya, naye akambishia, na ikapita. Sijasikia sauti tamu kuliko hiyo.

Na mimi ninaondoka. Mkuu wetu aliniuliza tena kuhusu lile tawi, wiki ile ile ya uwanjani, nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Nimeshawaambia nyumbani. Mama ananifungia mzigo, na safari hii baba anajua, kwa sababu sanduku ni lake. La mbao, lina bawaba za shaba, na ni zito kiasi kwamba sijui nani atalibeba. Nimelipenda mno.

Kaka, nisikilize vizuri. Si hao wawili tu waliokuwa wananitumia. Nawe tangu ulipoondoka hujawahi kumpigia baba hata mara moja. Salamu zako zimepitia kwangu, maswali yako yamepitia kwangu, na hata ndege yenyewe ilipitia kwangu. Nakuelewa, na sikulaumu, ulikuwa kijana na uliogopa. Lakini sasa, huko tawini, nina matanuri mawili ya kusimamia.

Wasalimie wote walio karibu nawe, na ukiumwa tena usinywe dawa za kubahatisha. Nitakutumia anwani yangu mpya nikishafika. Kuhusu salamu za hapa, baba yuko mezani anapiga msasa bawa jipya, mama anamwambia amepunguza mno. Baba aliponiona naandika, aliinua uso akasema, "Mwambie kaka yako," kisha akanitazama, akanyamaza, akarudi kwenye msasa wake. Sikuletei alichotaka kusema. Namba yake ni ile ile, mpigie umuulize.

Mimi mdogo wako akupendaye,
aliyekuwa Kasuku