Mashine Niliyoikalia Mtoni

Akiru, Krismasi zinapita uko Nairobi kama mtu asiye na kwao! Ejok hata hivyo, nakusalimu. Sisi wazima, mbuzi wamezaa. Mama yako anaandika, mimi nyanya yako nasema.

Umeuliza mashine yetu ya kuchapa kadi ilifikaje Kakuma. Mama yako aliifanyia kazi Lodwar, kisha tajiri mwenye mashine akataka kuiuza kama chuma chakavu. Nikampa ngamia wangu wa maziwa, akaniachia.

Njiani lori likakwama katikati ya mto mkavu, na maji ya mvua ya milimani tukayasikia yakija.

Dereva akasema, "Mama, tutupe hiki chuma, gari litaenda na maji!"

Nikapanda, nikakikalia. "Nitupe nacho."

"Huyu mama ni wazimu!"

"Ndiyo. Sukuma!"

Abiria wakashuka, wakasukuma huku wananitukana, tukatoka.

Mimi hata jina langu sijui kulisoma. Siku ile niliona mtu anaweza kupigania kitu asichokielewa, mradi anampenda anayekielewa. Leo kadi za harusi za Kakuma, za Waturkana na Wasudani, zinatoka mikononi mwa mama yako, umeme uwepo usiwepo.

Ukija, vaa nguo kuukuu. Utauvuta mkono wa hiyo mashine mpaka wino ukuingie kwenye kucha.