Kuni za Darasa la Nne

Mjukuu wangu Kemilembe,

Huku Muleba hatujambo, kahawa tumeshaianika, goti tu ndilo linanisumbua. Umeniuliza kama mwanao abaki shule ya jirani au umhamishie ile inayofaulisha.

Miaka ile ya ugonjwa wa Ukimwi nilikuwa nikiishi mjini Bukoba, nikamtafutia mama yako nafasi katika shule ya Kibeta. Baba yake tulikuwa tumeshamzika kwenye kibanja, shamba la migomba la nyumbani, na mama yake, dada yangu, hakuwa akiinuka tena kitandani.

Nikamwambia, "Kule walimu wapo wa kutosha, na utakaa kwangu."

Akanijibu taratibu, "Mama mdogo, baba alipofariki, darasa langu lote lilikuja na kuni na maji. Wa Kibeta hawatujui. Mama akifa, nani atakuja?"

Sikumhamisha. Siku tuliyomzika dada, watoto waliteremka kati ya migomba, kila mmoja na ukuni kichwani, na mama yako akasimama mlangoni akiwapokea kwa majina.

Hesabu alikuja kuzijua baadaye, kwa shida, na sisemi nilimchagulia vyema. Nenda ukazione shule zote mbili, kisha muulize mtoto mwenyewe.

Mwaka ule mama yako naye alibeba kuni nyingi, kwenda kwa wenzake.

Bibi yako