Mukono ya Kweli ya Baba Mwadi

Kwako bwana wangu, Baba Mwadi,

Jambo sana. Weye iko muzima? Mukono ingali inakuuma asubuhi? Nani anakupashia maji ya kuoga? Shiye huku Bulaya tuko bazima, minye na Mwadi na mujukulu wako. Anaanza kusimama, anashika kiti. Posta ya kwetu imekufa, njo maana barua hii inakuja na sista mumoja anayerudia Likasi.

Huku ukungu haitoki. Ninabeba mutoto mu mugongo, ninasimama pa dirisha, na ile weupe yote ninaiona kama moshi ya kiwanda ya Shituru. Ninasema nikifungua tu, nitakusikia unakohoa mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu. Kisha tramu inapita, ninaamuka, macho ilikuwa wazi.

Masomo ya Mwadi inapita ile alimalizaka kwanza. Banamufundisha kusaidia mugonjwa afanye tena kazi yake ya kila siku, kuvaa shati, kufunga kifungo, kula, na kumutengenezea bifaa ya kushikilia mukono. Kazi yake ya mwisho ni juu ya mukono yako, vile ilijifunga tangu ulipooza. Kifaa ile itafungua bidole pole pole. Bila ile kazi, hapana diploma.

Sasa nikuulize, baba. Mbele ya safari nilikuachia karatasi ya kuchorea mukono yako, ukasema: "Tutachora na mudogo wangu, acha." Ukairudisha imekunjwa vizuri, nikafurahi. Juma iliyopita Mwadi aliifungua pa meza. Akaigeuza mara mbili.

"Mama, papa amepona?"

Bidole yote imenyooka kama askari! Nikavaa miwani. Kidole moja inakosa ncha.

"Iyo! Hii ni mukono ya baba yako mudogo Ilunga, seremala! Njo ile musumeno ilikataka!"

Mwadi alicheka mpaka machozi, kisha kicheko ikaenda, machozi ikabakia. Akitengeneza kifaa na mukono ya Ilunga, weye itakuumiza, na profesa wake anangojea.

Nilikasirika. Nilitaka kukuandikia maneno makali. Lakini sikia.

Kule banasoma, kila mumoja anafunga mukono yake siku nzima, ajue mugonjwa anaishi namna gani. Mwadi akanifunga na minye mukono ya kuume, ngumi ndani ya kitambaa. Bukari, ugali ya kwetu, iko pa meza. Ya kuume inakataa. Nikapeleka ya kushoto mu sahani, nikairudisha. Mbele ya mutoto wangu mwenyewe, nikapata haya! Nikasema sina njaa. Kisha nikabeba sahani mpaka jikoni, nikakula nimeelekea ukuta.

Pale njo nilikuona, Baba Mwadi. Weye nyuma ya nyumba, sahani juu ya magoti, na minye napiga kelele majirani basikie: "Unakimbia bantu kama mwizi!" Unisamehe. Sikujua ni haya, na ya karatasi njo ile ile.

Jana mutoto alilala muchana, na minye nikalala naye. Nikalota mukono yako iko ndani ya maji, inafunguka yenyewe, bila haraka, kama majani. Sikutaka kuamuka.

Muite Ilunga achore ile ya kweli. Usiivute, usiinyooshe. Hata ikitokea kama muzizi ya muhogo, Mwadi anatafuta ile tu. Umupatie sista karatasi, anarudi huku kisha Pasaka kupita.

Usalimie mama mukwe wangu, na yaya, mukubwa wangu wa kule Kamatanda, na pasta anayekuombea. Ilunga umwambie maprofesa ya Bulaya bameona mukono yake, asijivune sana.

Nikirudi, tutaweka sahani moja mbele ya mulango, pale bantu banapita. Utakula na ya kushoto, na minye na ya kushoto. Bakicheka, bacheke shiye wote wawili.

Ni minye bibi yako, ninakuwaza,
Mama Mwadi