Tumeshinda kwa Kartoni ya Biskuti

Papa mpendwa,

Tumeshinda. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda hadithi ndefu, na kwa sababu nimelingoja tangu siku uliponipokonya bisibisi pale garage yako ya Lubumbashi. "Mwanamuke hafunguaka moteur," ulisema. "Wende ukapike bukari."

Unakumbuka ulivyotengeneza joint ya kuzuia maji? Uliweka kartoni juu ya chuma, ukagonga ukingo kwa nyundo ndogo, pole pole, mpaka kartoni ikakatika sawasawa na chuma chenyewe. Ulikuwa unamfundisha kaka. Yeye alitazama barabarani; mimi niliyeleta chai nilitazama mikono yako. Garage ukamwachia yeye, akauza mpaka nyundo. Hilo sijasahau, Papa, na sitajifanya.

Hapa Brussels nina garage yangu, niliyoijenga bila mkono wa ndugu. Mteja wangu mmoja, Monsieur Luc, ana kigari cha mashindano cha kiti kimoja, cha daraja lile la vijana walilolibuni Waitalia baada ya vita: moteur, yaani injini, lazima itoke kwenye gari la kawaida la familia. Ya cc 1,000, kigari kisipungue kilo 360. Ya 1,100, kilo 400. Luc alitaka ile kubwa. Nikampigia hesabu: kilo arobaini ni kumpakia mtoto wa shule kwenye kila kona. Tukafunga ndogo.

Asubuhi ya mashindano, huko Italia, joint ya pompe ya maji ikapasuka. Ya akiba hatukuwa nayo. Luc akasema tupakie turudi, na kigari atampa fundi mwingine. Nikamgeukia Tonton Fabien, dereva wetu wa lori.

"Tonton, nipe ile carton."

"Béa, ni ya biscuits yangu."

"Bon, biscuits kula. Carton nipe."

Nikagonga kama wewe. Luc akaondoka wa tisa, akarudi wa kwanza, na chini ya pompe hapakuwa na tone.

Kikombe cha ushindi, alichoniachia Luc, kiko dirishani mwa garage, barabara ya Chaussée de Wavre. Jana mama mmoja mwenye mfuko wa vitenge akasimama: "Maman, bwana yako alishindaka wapi?"

"Bwana yangu iko sécurité, analindaka mlango kule Schuman," nikamjibu. "Moteur, ni miye nilifungua."

Pumzika kwa amani, Papa. Chai niliyokuletea ilinilipa.

Binti yako, fundi